Upande wa Kushoto wa Picha

Nkuhungu, Dodoma
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na alizeti zimeshavunwa, maana huku upepo umeanza na nawaza zisije zikapukutika shambani. Bibi anaendeleaje? Bado anamkataza Gladness kugusa redio yake? Mimi mwili mzima na chakula nakula, ila usingizi sipati, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike. Nikikupigia simu nitasema salama tu, kisha nitakata. Unanijua.

Kazi kwa Mzee Jaffer naipenda. Sasa najua kukata kioo, na fremu za picha za mahafali nazifunga peke yangu. Hunitania kwamba salamu zangu ni za mkopo, namwamkia leo aje azisikie kesho. Mkewe, Bi Mehjabin, hunifungia kachori kwenye gazeti na kusema msichana mwembamba namna hii upepo wa Dodoma utampeleka Singida.

Wiki iliyopita Baba Mkubwa Seth alikuja dukani na picha. Ukumbi wake wa Msalato unafunguliwa Jumamosi, kama ujuavyo. Amealika wazee wa ukoo na mchungaji, na anataka picha hiyo itundikwe karibu na mlango ili wageni waone historia yetu. Aliipata kwenye nyumba ya zamani ya wamisheni iliyokuwa ikibomolewa. Ni ya rangi za maji, ilichorwa na Mjerumani mmoja wakati wa utawala wao, na nyingine kama hiyo haipo.

Katikati kuna msafara umepumzika kando ya bwawa. Watu wamefungwa mnyororo shingo kwa shingo. Mwanamume mmoja anataka kulala, lakini mwenzake amekaa, kwa hiyo kichwa chake hakifiki chini. Mtu wa kanzu amesimama karibu nao na fimbo. Baba Mkubwa alisema kwa sauti kubwa kwamba watu waone tulivyofanywa. Mzee Jaffer, ambaye babu zake walikuja huku kwa biashara, aliinamia kipimo chake, akajibu taratibu kwamba yeye ni fundi wa fremu tu, kesi hazipokei. Baba Mkubwa akacheka. Kisha akaweka kidole upande wa kushoto, akaniambia, mwanangu, hapa pakate, panajaza nafasi bure.

Mama, pale kushoto amesimama mtu wa kwetu. Ndewe za masikio yake zimetanuliwa na zimebeba vipande vya mti, na nywele zake zimepakwa udongo mwekundu, kama Bibi anavyosimulia kuhusu wazee wa zamani. Amenyoosha mkono, anapokea kitambaa. Shuleni tulifundishwa kwamba wenyeji wa huku walitoza misafara kwa kupita na kunywa maji. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata, nikasahau. Kumbe walikuwa watu wenye nyuso. Kando yake kuna msichana, mdogo kuliko Gladness. Shingoni ana alama ya mnyororo, lakini mnyororo wenyewe hana tena. Ametolewa. Ameongezwa juu ya kitambaa kuwa malipo.

Jioni hiyo tukiwa mezani hapa nyumbani kwake nilimuuliza Baba Mkubwa kama yule wa kushoto si mtu wetu. Sijui nilipata wapi sauti. Aliweka tonge chini, akasema ndiyo sababu pakatwe. Akaniuliza kama ningependa wazee wale pilau huku wanamtazama babu yao akinyoosha mkono. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililonichoma. Halafu akauliza kama nimeshachagua chuo, kwa kuwa ada atanilipia yeye mwenyewe.

Kesho yake Mzee Jaffer aliitandaza picha mezani, akanipa kisu na rula. Akasema picha ni ya kwenu, basi kata wewe. Akaenda mbele kuhudumia wateja, na kila nilipoinua macho nilimkuta ananitazama.

Unakumbuka Bibi husema mama aliyeanzisha nyumba yetu alikuja na msafara? Mimi na Gladness tuliugeuza mchezo. Gladness alijitwika kinu cha kuchezea, akatembea kwa maringo, akisema mimi ndiye tajiri nimekuja na msafara, nipokeeni mizigo. Tulicheka sana. Bibi hakuwahi kucheka. Aliinuka tu, akaingia ndani. Mama, yule hakuwa tajiri, sivyo? Nawe ulijua?

Sisemi msichana wa pichani ndiye yeye, misafara ilikuwa mingi. Lakini nilipoweka rula pale alipoonyesha Baba Mkubwa, niliona kisu kitawaondoa wote wawili, aliyepokea na aliyetolewa. Na wote wawili ni wa kwetu.

Sikukata. Nimeifunga nzima, nimepiga misumari, nimebandika karatasi ya nyuma. Baba Mkubwa ameichukua leo ikiwa imefungwa gazeti na kamba, akanishukuru mbele ya Bi Mehjabin, nami nikatazama miguu yangu. Sasa imeegemea ukuta wa sebuleni, na kila anapopita karibu nayo naacha kuandika nikisikiliza.

Sitaki aifungue mbele ya wazee aaibike. Kesho asubuhi, kabla hajanywa chai, nitamwambia. Maneno nimeyafanyia mazoezi mpaka yamekuwa kama si yangu. Anaweza kuikata mwenyewe, kisu kipo jikoni. Anaweza kuniambia nirudi nyumbani Mlali, na begi nimeshalipanga. Ukiniona mlangoni kabla ya wakati, usiniulize kitu mpaka niketi.

Barua hii anakuletea Luka, anayeondoka na basi la alfajiri. Msalimie Gladness, mwambie asicheze tena ule mchezo, nitamweleza mwenyewe. Mpe Bibi shikamoo yangu, ukae naye, umuulize polepole kama yule mama alikuwa na jina lake kabla ya kufika kwetu. Ukilipata nipigie. Hiyo simu nitaipokea.

Mwanao akupendaye,
Evodia