Baiskeli ya Kwenda Vanga

Mtongwe, Likoni
Ijumaa, baada ya swala

Shangazi Mwanarehema,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na wote mlio chini ya dari moja, na ule mguu niliosikia unakusumbua uwe umepata nafuu. Sisi huku tunakula na kulala, alhamdulillahi. Wanangu wamekua, na yule mkubwa amenipita kimo.

Nakuandikia kwa kuwa simu za nyumba hii huzipokei, wala sikulaumu. Barua nampa Mwarandu, yule anayetuletea samaki kutoka huko kwenu Vanga. Anarudi leo, na ameniahidi atakutilia mkononi mwako mwenyewe. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama utakasirika katikati.

Habari zenyewe ni za baba. Baada ya mama kufariki mwaka jana, ndugu yako alikaa kibarazani akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Nilikuwa nikija kumpikia namkuta pale pale nilipomwacha. Kisha akaja Wafula, waliyefanya naye kazi karakana ya bandarini, anayekaa Chaani. Alikuwa anakokota baiskeli kuukuu ya mlimani iliyokuja na mitumba, imeshika kutu, tairi zimepasuka. Alisema anataka kwenda nayo kwao Bungoma, akauliza kama baba anaweza kuigeuza iwe ya safari. Majirani walicheka. Baba aliipindua miguu juu, akaigonga fremu kwa ukucha kama mtu anayechagua nazi, akasema mifupa ni mizima.

Kazi yenyewe nimeijua kwa kuitazama. Baiskeli hizi zimeundwa kuruka mawe. Tairi zake ni pana na zina meno, na foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina springi inayobonyea kila unapokanyaga. Kwenye lami ndefu springi ile inakula nguvu za mtu bure. Baba huing'oa akatia foki ya chuma kitupu, akavisha tairi nyembamba zisizo na meno, akainua usukani ili mgongo usipinde kutwa. Mwisho huchomelea keria, moja mbele na moja nyuma. Mikoba ya kuning'iniza kwenye keria naishona mimi kwa turubai la lori, maana cherehani yangu haiogopi kitu.

Wafula alifika Bungoma, akatuma picha amesimama mbele ya nyumba ya mama yake. Tangu hapo watu wakaanza kuja, wengine kutoka Kisauni, wengine hata Nyali, kila mmoja na chuma chake. Ua ukajaa fremu, baba akaanza tena kuuliza chakula kitaiva lini.

Kulikuwa na baiskeli moja ambayo hakukubali kumpa mteja. Ilikuwa ndefu, aliipaka rangi ya buluu kwa mkono, na kila aliyeiulizia aliambiwa ina mwenyewe. Jirani yetu Mishi akanivuta kando akasema mjane wa kiume akianza kupaka kitu rangi, basi ameona mwanamke. Nami nikaamini. Siku moja nikamwuliza baba kama anatafuta mke.

“Nataka kwenda Vanga,” akasema.

Nikamwambia gari zipo, akipanda asubuhi adhuhuri atakuwa amefika.

“Ndiyo hivyo,” akanijibu. “Nitafika kabla sijapata la kusema.”

Alitoka baada ya Idi, na alivyopokewa unajua kuliko mimi. Mimi nakueleza alivyonieleza yeye. Alilala Msambweni kwa rafiki yake, kesho yake akafika kwako akakukuta uani unaanua nguo. Ulimtazama, ukaingia ndani na nguo mkononi, ukafunga mlango. Kisha ukamtuma msichana wako wa kazi aje amwambie kwamba anayemtafuta hayupo. Baba akamshukuru yule msichana. Akakaa nje ya ukuta wako mpaka adhana ya alasiri, akaswali msikitini, akageuza. Karibu na Ramisi keria ya nyuma ilikatika pale alipochomelea, akaifunga kwa mpira wa tyubu ya tairi. Alirudi kwetu miguu imevimba, akasema umenawiri na nyumba yako ni nzuri.

Wiki ile ile alianza kukosa pumzi. Tukampeleka hospitali, daktari akasema moyo wake umepanuka, apunguze chumvi na aache safari ndefu. Baba aliitikia yote kwa adabu. Alipofika nyumbani akaiegemeza ile baiskeli ukutani na kuanza kuichomelea keria upya, kwa chuma kinene zaidi.

Hapo nilimkasirikia. Nilimwambia anataka kufa barabarani aache watu wakusanye mifupa yake. Nikamwambia pia, na hili nalisema mbele yako, kwamba mlango uliofungwa ulikuwa haki yako. Siku ile ya msiba wa bibi ulikuwa umetoka Maskati kazini, umekwisha shuka Nairobi, unamlilia kwenye simu amngojee mama yenu mpaka magharibi umwone uso, naye akamzika kabla ya adhuhuri. Ulifika hapa alasiri ukakuta watu wamerudi makaburini na miguu ina udongo. Nilikuwepo, Shangazi. Nilikuona ukipita katikati ya wanawake bila kuvua viatu.

“Kuna ndugu gani wa kusamehe hilo?” nikamwuliza.

Baba akaweka spana chini. Akaniambia niketi, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama yangu pekee ndiye aliyelijua, kwa kuwa alikuwamo chumbani, naye ameondoka nalo.

Wewe uliambiwa bibi alikufa kwa presha. Nami niliambiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeolewa Kisauni, na kila nikija kumwangalia naambiwa amelala. Haikuwa presha. Ulimtoka uvimbe kwenye taya baada ya wewe kusafiri, ukala shavu, ukafika jichoni. Miezi yake ya mwisho alijifunika kanga usoni, na hakuruhusu aingie mtu ila baba na mama. Sauti aliyokuwa anakupigia nayo simu alikuwa akiitengeneza kwanza, anakunywa maji ya moto, anajaribu maneno, ndipo anaomba apewe simu. Alikataza usiambiwe, akisema ukijua utaiacha kazi.

Aliposikia umepata ruhusa unakuja, alimwita baba akamshika mkono. Maneno yake baba aliyakariri kama alivyoambiwa: “Nikitangulia kabla hajafika, usimngojee. Nizike. Akija atataka kufunua sanda, nawe hutaweza kumzuia. Mwanarehema anijue kwa uso alioniacha nao. Niapie.”

Baba akamwapia. Ulipopiga simu kutoka Nairobi alikuwa amesimama kando ya jeneza. Aliweza kukujibu neno moja tu, kwamba maiti hacheleweshwi. Aliyasikia uliyomwambia baada ya hapo, na hadi leo anayakumbuka yote. Haoni kama ulikosea kuyasema.

Nilimwambia basi akueleze, mambo yaishe. Akakataa katakata.

“Nikimwambia atamkasirikia mama yake, na yule hawezi kujitetea. Mimi niko hai. Mimi naweza kukasirikiwa.”

Nikamwuliza sasa huko Vanga anakwenda kusema nini. Akasema anakwenda kukuomba radhi.

“Radhi ya nini, baba, na ulikuwa umeapa?”

“Alilia, nami nikamkatia simu,” akasema. “Sikuapa kumkatia simu.”

Akaokota spana yake.

Shangazi, hicho ndicho nilichotaka ukijue. Amenikataza kukwambia, nami nimemwasi. Kiapo kilikuwa chake, mimi sikuapa kwa yeyote. Nimekaa na jambo hili nikilipima, na wallahi bado sijui kama bibi alikuwa na haki ya kulitaka. Huenda alikupenda vibaya. Huenda wewe ungemwona na ule uso ukambusu, ukaenda zako na huzuni ya kawaida kama watu wengine. Hilo limekwisha, hatuwezi kulipata tena. Ila sikutaka baba afe wewe ukiwa unamchukia kwa jambo ambalo hakulifanya kwa hiari yake, kisha mimi nije kukwambia kaburini pake.

Anaondoka tena kesho baada ya swala ya alfajiri. Nimeshindwa kumzuia, kwa hiyo nimemwomba Wafula amsindikize kwa baiskeli yake. Wafula ameniapia kwamba watakwenda polepole na watapumzika kila penye kivuli. Inshallah watakuwa kwako Jumapili.

Baba hajui kama nimekuandikia. Ukitaka kumwambia kuwa unajua, mwambie, lawama nitaipokea mimi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini anakuja na maneno yake, ameyatafuta muda mrefu, na kusema kweli si mengi. Mwache ayamalize kabla hujamjibu.

Nisalimie wanao, na yule msichana wako aliyetumwa na maneno mazito, mwambie baba alimsifu kwa heshima yake. Mwarandu mpe maji ya kunywa, atakuwa amechoka. Wafula ni Mkristo na ni mtu mwema, anakula kila kitu. Chakula cha baba usikitie chumvi.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Swabra Suleiman