Vumbi la Ukuta wa Marangu

Mama Gladness,

Nguo za mtoto usizikung'ute, ziloweke peke yake. Mwoshe kichwa tena, kisha umpeleke hospitali leo hii. Waambie amevuta vumbi la rangi ya zamani, ile yenye madini ya risasi.

Amon, sasa wewe. Asubuhi nimefika kwenye ile nyumba kuukuu ya Marangu nikamkuta mwanao anacheza chini ya ngazi, nywele nyeupe kama bibi kizee, na wewe juu unapiga msasa ukuta mkavu. Nikakuuliza maji yako wapi. "Baba, kulowesha kunachelewesha kazi." Miaka kumi nakuambia ulowanishe kwanza, na watoto wasisogee. Nimepaka nyumba za watu toka Himo hadi Ndola, mjinga wa kukufikia sijamwona.

Ngazi na brashi nimechukua. Nitalala huko huko Marangu mpaka nimalize kazi yako. ~~Jumapili tutaongea.~~ Jumapili nina kazi.

Lile jani la isale uliloniletea mlangoni kuomba msamaha nimempa mbuzi. Hata yeye kalikataa. Lingine usiniletee. Mtunzie Gladness, umwombe yeye, akijaliwa kukua.

~~Baba yako~~
Babu yake Gladness