Jina Chini ya Maneno ya Baba

S.L.P. 40,
Migori.
14 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Valary,

Hujambo? Masomo yanaendaje huko Rongo, na lile jino limeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kwa kuponda mawe ya dhahabu, na vumbi halitoki kifuani.

Nimeona ulichotuma katika kundi la familia. Nitasema wazi: nimekuonea wivu tangu Jumatano, na bado haujaisha.

Mama alipotaka maneno aliyoyapenda Baba, "Taa huwashwa kwa ajili ya anayechelewa," yaandikwe kwenye saruji ya kaburi lake, aliniomba mimi nitafute aliyeyasema. Nikayaandika kwenye simu. Zikaja picha zaidi ya thelathini, zenye maneno hayo, maua na jina la rais fulani wa ng'ambo. Nikadhani mashahidi thelathini hawawezi kukosea. Kumbe walikuwa wakinakiliana.

Wewe ukaingia mtandao wa maktaba ya chuo chenu kwa neno lako la siri, ukapata makala inayotaja kitabu na ukurasa, ukakifuata kitabu chenyewe kwenye rafu. Kumbe mwandishi ni mwalimu wa hapa hapa Kenya. Shangazi Risper akaandika, "Asante daktari wetu!" Mwaka wa pili tu, tayari daktari! Mama naye akanipigia: "Gordon, hayo waachie waliosoma." Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Mlango huo wa maktaba haunifungukii mimi. Niliacha shule kidato cha pili ili wewe usome. Hilo unalijua.

Usilolijua ni kwamba Baba aliyapata maneno hayo kwangu. Kitabu hicho tulikisoma darasani, nami jioni nilimsomea akishona nyavu. Nakala niliyoazimwa shuleni haikuwa na jalada, ndiyo maana sikujua ni cha nani.

Fundi Clifford anakuja kaburini mwisho wa mwezi. Mwambie aandike jina ulilolipata wewe. Ndilo la kweli.

Lakini picha ya ukurasa uliyotuma kwenye kundi umeikata chini ya maneno yale. Nilipoacha shule na kurudisha kitabu, tulikuwa tumefika hapo hapo. Baba aliniuliza mara nyingi kama huyo anayechelewa alifika. Nilimwambia alifika. Nilibuni tu, Valary. Nitumie kurasa zinazofuata.

Ukivuka kwenda nyumbani kisiwani Takawiri, nisalimie Mama na Shangazi Risper. Mungu akutunze, na akufungulie hata milango iliyonikataa mimi.

Kaka yako akupendaye, pamoja na wivu wake wote,
Gordon