Neno Lisilokaa Mahali Pamoja

Landi za Reli, Voi
10 Februari 1957

Kwa binti yangu Gertrude Wakio,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama juu ya hizi reli mchana kutwa, na joto la Voi unalijua. Natumaini mama yako hajambo, ng'ombe hajambo, na wewe hujambo huko kwenye baridi yenu ya Wundanyi.

Nimepata habari kwa mdomo wa kondakta wa basi, habari ambayo nilipaswa kuipata kwako: ati Misi mkubwa wa shule unayofundisha amekuchagua uende Ulaya miaka miwili kusomea ualimu wa juu. Kondakta alitumwa na mama yako, naye akanitangazia mbele ya duka la Bwanaheri, watu wote wanasikia. Nikajifanya mtu aliyekuwa anajua zamani. Haya, hilo nimelimeza.

Tena nasikia Misi atashuka Voi mwezi wa nne kuniomba ruhusa. Vizuri, ana adabu. Lakini nisikilize, Wakio. Sitaki mkalimani. Shauri la ng'ombe naweza kulisema kwa mdomo wa mtu mwingine. Shauri la mtoto wangu, hapana. Nitasema naye Kiingereza mwenyewe. Bwanaheri ameniuzia kitabu, na ukurasa wa kwanza tu nimekwama kwenye neno dogo la herufi tatu: get. Niandikie maana yake. Iwe moja, iliyonyooka.

Ni mimi baba yako,
Silvanus Mwandawiro

*

Wundanyi
16 Februari 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote wazima. Mama anasema mgongo upakwe mafuta yaliyopashwa moto, na uache ukaidi wa kubeba mizigo ilhali vijana wapo.

Nisamehe kwa ile habari. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kukuandikia, Mama akanitangulia. Unamjua Mama.

Lakini Baba, Kiingereza cha nini sasa? Misi amekaa nchi hii miaka mingi, anajua Kiswahili. Atakuuliza kama naweza kwenda, nawe utasema ndiyo au hapana. Naomba iwe ndiyo. Nafasi ni moja, na nikiikosa anapewa mwalimu mwingine. Nimeitaka nafasi hii tangu nikiwa mwanafunzi, na wewe ndiwe uliyenifungulia mlango wa shule wakati wenzako wanakucheka.

Kwa kuwa umeuliza: get ni kupata. "I get a letter", napata barua. Ni hivyo tu.

Binti yako,
Gertrude

*

Voi
3 Machi 1957

Binti yangu,

Salamu. Mgongo umepoa kidogo, kichwa ndicho kinauma sasa, na sababu ni wewe.

Kupata, ulisema. Nikaenda kazini na hiyo kupata yako, nimeishika sawasawa. Mzungu wa reli akamfokea Musyimi, yule Mkamba ninayegeuza naye reli: "Get down!" Nikamwambia Musyimi, furahi bwana, leo kuna kitu utapata. Kumbe anaambiwa ashuke juu ya behewa! Kesho yake ikawa "Get up", ainuke. Halafu "Get out", atoke. "Get on", apande, au aendelee na kazi, inategemea Mzungu ameamkaje. Mgonjwa naye anaambiwa "get well", apone. Mwenye kuoa, "get married". Jua likizama wanasema "it gets dark". Sasa wewe mwalimu niambie, giza linapata nini?

Neno gani hili lisilo na kwao? Leo liko juu, kesho liko chini, keshokutwa liko nje. Kwetu mtu wa namna hiyo hata mke hapewi. Bwanaheri anacheka mpaka kofia inamdondoka. Anasema Kiarabu ni kigumu lakini angalau hakimfanyii mtu dharau.

Sitaki maana zote. Nataka moja tu, nijibu upesi: je, kuna get ya kumleta mtu? Kumfikisha mahali?

Baba yako

*

Wundanyi
12 Machi 1957

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kichwa. Changu pia kinauma. Nina darasa zima la watoto hapa, na hakuna hata mmoja anayenichosha kama mzee mmoja wa Voi.

Unalisema neno la watu, na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti kanisani, tunapiga chafya. Mzungu akituuliza ni nani huyo tunayempiga kila siku tutamjibu nini? Maneno ni kama watu, Baba, mmoja anaweza kuwa mjomba na mkwe na jirani na bado ni yule yule.

Ndiyo, iko. "Get the child home" ni mfikishe mtoto nyumbani. Unaitakia nini sijui. Ninalojua ni kwamba umeniandikia mara mbili, na hakuna barua hata moja iliyosema kama utanikubalia. Kama hutaki niende, sema hutaki. Nitalia, nitanyamaza. Lakini usijifiche nyuma ya neno.

Mama anakusalimu. Anasema mahindi yanataka kupaliliwa, na kwamba wewe na mimi tumetoka tumbo moja kwa ubishi.

Binti yako anayengoja,
Gertrude

*

Voi
14 Aprili 1957

Gertrude,

Sisi wazima.

Misi alikuja jana. Nilivaa koti. Nilichemsha chai, nikaazima kiti kizuri kwa Bwanaheri. Nilikuwa nimetayarisha swali moja, nimelisema njiani kwenda kazini na kurudi, Musyimi mpaka amelijua kwa moyo. "Will you get my child home?" Je, mtamfikisha mtoto wangu nyumbani? Basi. Sikutaka kingine. Ndiyo maana nilikusumbua na maswali yangu ya kijinga, ukasema najificha.

Hakuketi. Alisimama mlangoni akasema, "Jambo mzee. Mimi nataka mtoto yako kwenda Ulaya. Nzuri sana. Wewe tia sahihi hapa." Kiswahili cha kumwambia mpishi achemshe maji! Nikamuuliza swali langu kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake. Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akasema, "Wewe hapana ogopa, mzee." Akaninyooshea kalamu. Kumbe mlishamaliza mambo yenu zamani, mimi nilikuwa natafutiwa sahihi tu.

Nimetia. Nenda.

Silvanus Mwandawiro

*

Wundanyi
28 Aprili 1957

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Sijui nianze wapi. Hukusaini "Baba yako". Nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta hilo neno na halipo.

Pole sana kwa aliyokufanyia Misi. Nilimwendea ofisini, nikamwambia baba yangu aliuliza swali na hakujibiwa. Akawa mwekundu uso mzima. Akasema hakujua lilikuwa swali, alidhani ni salamu. Yeye na mimi tutajuana. Na wewe umenisamehe? Nilikuambia unajificha, nami sikujua ulikuwa unanitafutia njia ya kurudi.

Furaha yangu ya sahihi ilikaa siku moja. Mama ameketi juu ya sanduku langu. Sisemi mfano, ameketi juu yake kweli, haniachi nifunge nguo. Anasema, "Sahihi ni ya mkono. Mkono haukasiriki. Mdomo wa baba yako uko wapi?" Anataka upande uje kutasa. Ukae kizingitini, ushike maji kinywani, uyapulize chini pamoja na hasira iliyo moyoni mwako, useme maneno ya heri, kama babu alivyokufanyia ulipoandikwa jeshini.

Nilimwambia hayo ni ya zamani, mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili. Akajikalisha vizuri zaidi juu ya sanduku. Na ukweli, Baba, naogopa. Sitaki kupanda meli na hasira yako mgongoni. Omba livu kazini, hata ruhusa ya siku moja. Naondoka Alhamisi, tarehe 20 Juni, kwa gari la moshi la Mombasa.

Mtoto wako,
Wakio

*

Wundanyi
12 Juni 1957

Baba,

Shikamoo. U mzima? Kondakta anasema u mzima, amekuona, unatembea na unabishana na Bwanaheri. Kwa hiyo mkono wako unafanya kazi na barua yangu ilikufika.

Lo, Baba! Hata mstari mmoja? Tangu Aprili nasimama barabarani kila basi likija kutoka Mwatate, mpaka wanafunzi wangu wananitania. Neno la Kiingereza uliliandikia barua mbili nzima, mimi sikupata hata nusu ya karatasi.

Alhamisi ijayo nitashuka Voi. Mama amenijazia kibuyu maji ya chemchemi yetu nikuletee mwenyewe, maana huku hutaki kupanda. Nitakuwa stesheni. Uje, ukitaka. Usipotaka, nitajua.

Wakio

*

Voi
23 Juni 1957

Mwanangu Wakio, jina la mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bahari haikukutapisha sana. Inakwenda kwa ndege, kwa hiyo itafika kabla yako. Mara hii barua yangu ndiyo inayokungoja wewe, na ni haki.

Barua zako zote nilizipata. Livu ningepewa, sikuomba. Kabla hujakasirika, nisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo hulifanyi kwa kawaida.

Kutasa si kutema mate, mwanangu. Mtu akipuliza maji huku hasira imebaki ndani, amesema uongo mbele ya Mungu, na uongo ule unamwangukia mtoto. Ningepanda huko nikapuliza ili mama yako ainuke juu ya sanduku, ungefurahi, na ningekudhuru. Kila asubuhi nilijipima, nikakuta hasira iko pale pale. Ndiyo sababu sikuandika. Ningeandika nini? Kwamba bado?

Alhamisi nilibadilishana zamu na Musyimi. Yeye akawa karibu na stesheni, mimi nikaenda kwenye swichi ya mbali, pale reli zinapogeuzwa, makusudi, nisikutane na macho yako. Nilikuona. Ulikuwa na ile sweta ya kijani na kibuyu mkononi, unageuka huku na huku, na kila mzee mwenye koti unamwangalia usoni. Nilitaka kuja. Miguu ilikataa, na wakati bado nabishana nayo filimbi ikalia. Nikageuza reli. Gari lako likapita mbele yangu, na ni mimi, kwa mkono huu uliotia sahihi, niliyelifungulia njia ya Mombasa.

Jioni Musyimi akaniletea kibuyu. Akasema, "Binti yako amesema unajua kazi ya kibuyu hiki." Halafu akaniita mpumbavu kwa Kikamba. Nilimwelewa bila mkalimani.

Kibuyu kimekaa mezani tangu siku hiyo, kinaniangalia. Leo nimetoka kanisani nikaketi nacho nikajiuliza, hasira hii ni ya nani hasa? Ya Misi? Ya Misi iko, na hiyo akija tena nitampa kwa Kiingereza. Lakini ile kubwa ilikuwa yako. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa na furaha. Barua zako zote zilikuwa zinaruka kwa kutaka kwenda, nami nimezoea kuwa ndiye niliyeondoka nyumbani, nyinyi mkabaki mnaningoja. Sikujua anayebaki anaumia hivi. Mama yako amebaki miaka yote hii na hajaniambia. Niliposema hivyo kwa sauti, peke yangu chumbani kama kichaa, nikajisikia kifua kimepungua uzito.

Basi nimeketi kizingitini, barua hii magotini. Nimeshika maji ya chemchemi yetu kinywani. Nimeyapuliza, mengine yakaanguka chini, mengine juu ya karatasi hii, kwa kutaka kwangu. Nimesema: Hasira yangu itoke, ikauke na maji haya. Wakio aende salama. Watu wa huko wampokee kama mtoto wao, wampe chakula cha moto. Akili yake ifunguke. Asipatwe na baya. Arudi.

Watoto wa hizi nyumba za landi walisimama kuniangalia. Bwanaheri pia, naye akaitikia Amin.

Kesho napanda Wundanyi. Nimeomba livu. Nitampelekea mama yako kibuyu chake kitupu aone, na nitapalilia hayo mahindi, yaliyobaki.

Swali langu Misi hakulijibu, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Will you get home? Usinijibu kwa Kiingereza. Nijibu kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, niweze kulala.

Hapo chini utaona wino umetawanyika. Si mvua, na si lile unalofikiria, usimwandikie mama yako kwamba nililia. Karatasi ikikauka itakunjamana. Usiipige pasi.

Baba yako