Pete Ndani ya Mkate

Mume wangu,

Huku bekari hatujambo, na mama yako mzima. Tangu uniandikie kwamba kwenye picha nafanana na gunia, sijaonja mkate, wali wala viazi. Nala mayai na mboga tu. Siku hizi nakanda unga nikijiona mwepesi kama mvuke, harufu ya mikate ikinibeba hadi darini. Mama yako ananisihi, "Mwanangu, kula, utapeperuka!"

Juzi pete uliyonivisha ilinichomoka, ikapotelea kwenye donge la unga. Leo mteja kaileta, kaikuta ndani ya mkate wake.

"Mama, si yako hii?"

Nikaijaribu mbele yake. Ikazunguka kidoleni bila kushika. Nikamrudishia, nikamwambia mwenyewe alishahama.

Ni mimi,
aliyekuwa gunia lako