Miwani Uliyomkataza Sumeya

Hooyo,

Sumeya anavaa miwani. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe na nisikuambie. Anaivaa tangu wiki ya baada ya Idi. Ni ya zambarau, aliichagua mwenyewe, na mimi dada yake ndiye niliyempeleka.

Assalaamu alaykum, mama yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wasia ulinipa kwa Kiswahili. Nyumbani tumeongea Kisomali maisha yetu yote. Kiswahili chako kilikuwa cha kwa chifu, cha kliniki, cha wanunuzi wa mbuzi kutoka Nairobi. Siku ile hospitalini ulinishika mkono, ukasema: "Sumeya hapana falisha fioo. Wewe moja natosha." Nisimvalishe Sumeya vioo, mimi mmoja natosha. Nikajua si mzaha. Ulichukua lugha ya ofisini ili neno lako liwe kama karatasi iliyogongwa muhuri. Nikasema ndiyo, Hooyo. Siku tatu baadaye ukaondoka.

Karibu mwaka mzima nilikaa na ile ndiyo.

Unakumbuka mlivyoniita? Indhayar, mwenye macho madogo. Nilikuwa nikiyafinya ili nimtambue mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwetu mtu akiwa na alama hupewa jina, na akishapewa jina hakuna anayeuliza tena alama imetoka wapi. Mlicheka, nami nikacheka. Niliamini nimezaliwa hivyo. Mpaka darasa la sita, walipokuja shuleni watu wa kupima macho wakanipa miwani, nikasoma ubao nikiwa nimekaa nyuma kabisa. Nilikimbia nayo hadi nyumbani. Ukaipokea, ukaifunga kwenye kitambaa, ukaiweka sandukuni chini ya nguo zako za Idi. "Ya mtihani tu," ulisema. "Ukiizoea, jicho litakuwa vivu."

Kila mtihani uliitoa, ukaifuta kwa ncha ya garbasaar, shali yako, ukanivalisha kwa mikono yako miwili kana kwamba ni taji. Kila mwaka namba ilipanda. Uliitazama lenzi mpya, nene kuliko ya awali, kisha ukanitazama mimi. Najua ulichowaza. Uliwaza kwamba vioo ndivyo vilivyonila macho, na wewe ndiye uliyeviruhusu, hata kama ni kwa mitihani tu. Na mimi, hili sijawahi kukuambia, niliwaza ni sanduku lako lililonila macho. Miaka yote hiyo tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akikulaumu wewe, na hakuna aliyefungua mdomo.

Ulipoondoka, Sumeya alichukua simu yako. Ina zile sauti zako, na ile video ya wewe ukimgombeza mbuzi aliyekula kitabu changu. Alikuwa akiitazama ndani, pazia limeshushwa, kioo kikikaribia kugusa kope zake, kutoka anaporudi shule hadi magharibi. Nilimwacha. Nani angeweza kumnyang'anya? Kisha akaanza kufinya macho. Habaryar Halima, mdogo wako, akapiga makofi: "Indhayar wa pili huyu! Watoto wa dada yangu, macho mliyagawana moja moja?" Tukacheka sote. Nilicheka, Hooyo. Mimi mwalimu, ninayewahamishia watoto wa watu dawati la mbele nikiona wanafinya macho.

Maalim wa duksi, chuo chake cha Kurani, ndiye aliyenizindua. Alinisimamisha njiani, akasema: "Binti yenu anarudi kwenu na wino puani kila siku. Hamuuoni?" Tulikuwa tunauona. Tulikuwa tunauosha. Hatukuwaza kwamba mtoto anayepata wino puani anasoma ubao wake wa aya akiwa ameulalia.

Nilimpigia baba yetu, Aabo, yuko na ngamia upande wa Balambala. Alisikiliza, halafu akasema, "Mama yake sasa ni wewe. Amua, kisha uniambie." Habaryar hakusema kidogo hivyo. "Wasia wa dada yangu utauvunja? Kwa sababu ya vioo? Angalia vyako vilivyokufanya!" Nikarudi kwa maalim. Sikumwomba fatwa, nilimwomba tu aniambie nifanye nini na neno la marehemu. Akaniuliza: "Mama yako alitaka nini?" Nikasema, macho ya mtoto yawe salama. "Basi tafuta njia ya hilo," akasema, akarudi kwa watoto wake.

Daktari wa macho hapa mjini ni msichana, huenda nimemzidi umri. Nilimuuliza maswali yako kabla ya yangu. Je, miwani inalifanya jicho vivu? Akasema hapana. Jicho la mtoto wa aina yetu linarefuka kupita kiasi, ndiyo maana picha ya kilicho mbali haifiki mahali pake. Miwani inapanda namba kwa sababu jicho limerefuka. Wewe ulidhani jicho linaharibika kwa sababu ya miwani, Hooyo. Uliona vitu viwili vinatembea pamoja, ukadhani cha mbele ndicho kinachokivuta cha nyuma. Hata mimi ningedhani hivyo. Na kumpa mtoto lenzi dhaifu, au kumvisha kwa kupumzikapumzika, akasema hakulisaidii jicho lolote.

Kisha akanionyesha lenzi ambazo sikujua zipo. Katikati ni safi, hapo ndipo mtoto anapoonea. Kuzunguka hapo kuna vidoti vidogo ambavyo huvioni mpaka uigeuze kwenye mwanga. Miwani ya kawaida, alisema, itampa Sumeya ubao, lakini haitalizuia jicho kurefuka. Hizi zinampa ubao, na vile vidoti vinatuma mwanga kwa namna ya kuliambia jicho lipunguze mwendo. Alitumia neno hilo, mwendo. Hazirudishi kilichokwisha kwenda. Haziponyi. Watoto wengine zinawasaidia sana, wengine kidogo. Na hazifanyi kazi zikiwa mezani: avae tangu anapoamka hadi anapolala, apimwe kila miezi sita, na aendelee hivyo miaka, mpaka jicho limalize kukua. Kadiri unavyoanza mapema ndivyo unavyookoa zaidi. Bei ilikuwa kubwa, na ilibidi ziagizwe Nairobi.

Nikauliza kwa nini tuhangaike, si namba tu? Akasema jicho lililorefuka sana hunyooshwa ngozi yake ya nyuma ikawa nyembamba, na ukubwani inaweza kuchanika, au jicho likashikwa na magonjwa yanayoiba uoni kabisa. Alikuwa akinitazama mimi aliposema hivyo. Akanipima na mimi. Niko salama kwa sasa, alhamdulillahi, ila nirudi kila mwaka.

Nilipokuwa mlangoni nikamuuliza lile swali. Kama ningevaa yangu kila siku, tangu darasa la sita? "Ungeona vizuri zaidi," akasema. "Ungesoma bila kuteseka. Lakini jicho lingeendelea tu. Ile ilikuwa miwani ya kawaida."

Nilikaa kwenye benchi la nje, Sumeya akinivuta mkono, nikalia mbele ya watu wanaongoja zamu. Si vioo, Hooyo. Si sanduku. Nimekubebesha kitu ambacho hakikuwa chako, na umekwenda nacho.

Tena kuna jambo ulilokuwa sahihi nalo kuliko sisi sote. Daktari aliuliza kama mtoto anakaa nje mchana, kwa sababu mwanga wa nje huwasaidia watoto wasifikie kuhitaji miwani mapema. Nikakusikia kabisa: "Tokeni! Nyumba si kaburi!" Ulitufukuza na ufagio, tukakuona mkali. Sasa namfukuza Sumeya, asubuhi kabla jua halijakolea, na tena baada ya alasiri. Sauti zako tunazisikiliza kwa spika, simu ikiwa juu ya kabati. Masikio hayahitaji kuisogelea.

Siku za kwanza za miwani alilalamika kwamba pembeni kunaogelea. Watoto wa jirani walimwita "Daktari wa mbuzi!" Akawajibu: "Njoo basi nikupime, wewe si mbuzi wangu?" Huyo ni wewe mtupu. Habaryar alikaa mwezi mzima akiongea nami kwa kupitia ukuta. Halafu juzi nikamsikia mlangoni: "We Sumeya! Unakwenda wapi na macho umeyaacha mezani?" Sikutoka nje. Nilimwacha adhani sijasikia.

Wiki ijayo ni kipimo cha kwanza cha miezi sita. Naogopa. Namba inaweza kuwa imetulia, inaweza kuwa imepanda, na ikipanda kuna watakaosema ni wasia uliovunjwa. Nitawaambia alichoniambia daktari: kipimo kimoja si hukumu.

Nisamehe ile ndiyo ya hospitalini. Ilikuwa ya mtoto anayetaka mama yake apumzike. Hii ya leo ni ya mtu mzima: nitampeleka kila miezi sita mpaka jicho lake lichoke kukua, matokeo yawe matamu au machungu, na sitamficha hata moja. Na siku atakapouliza ulisema nini juu ya miwani yake, nitamwambia ukweli, kwamba ulimkataza, na kwamba ulimkataza kwa kuogopa apate macho kama yangu.

Allah aipanue nafasi yako, Hooyo, na aijaze nuru.

Binti yako,
Ifrah