Maji Waliyoyapitisha Kwako

Mama, shikamoo. Najua ungeitikia kwa kuuliza nimekula nini, basi nianze na hilo: mapanki. Minofu ya sangara siku hizi inapanda ndege, sisi tumebaki na mifupa, na bado ni mitamu.

Tangu tulipokuzika, mlima wetu umejaa nyumba. Soko huria limemfanya kila mtu baba mwenye nyumba. Hata Baba Kulwa, jirani yetu wa juu, amejenga vyumba vya kupangisha kwenye lile korongo kavu tulikokuwa tukifunga mbuzi. Wakati wa mvua za vuli maji yalishuka na mawe hadi mto Mirongo, yakambeba mpangaji wake mmoja. Alipatikana hai, ameng'ang'ania mzizi. Ndiyo maana manispaa imemtuma dada mmoja wa mipango miji, tukubaliane mfereji upite wapi kabla ya masika.

Dada huyo alitukusanya, akatuambia tuchore mlima wetu pale chini uwanjani: nyumba tuweke vijiwe, njia ya maji tumwage majivu. Nilifurahi, maana tangu utoto nimekuwa nikijiuliza maji ya kule juu huchagua vipi pa kupita. Lakini Mama, sijawahi kuona maji yenye adabu kama yale. Baba Kulwa aliyapindisha mbali na vyumba vyake. Mama Neema akayakwepesha genge lake la mboga. Kila mmoja alijua kwamba nyumba itakayoguswa na majivu itavunjwa. Mwishowe mto mzima ukaingia kwako, kwa sababu wewe huwezi kubisha.

"Nyumba ya marehemu haina mwenyewe," alisema Baba Kulwa. Na mimi nimesimama palepale, nimejifunga khanga yako.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Hasira iliponitoka, nikabaki na swali: kwani yanapita wapi hasa? Mvua ilipoanguka mchana wa siku ya pili, nikapanda hadi kwenye lile jiwe kubwa, nikayafuata maji kwa miguu. Majirani walichungulia madirishani wakidhani msiba umenipanda kichwani. Kumbe pale kwenye jiwe yanagawanyika. Mkondo mmoja unapita katikati ya vyumba vya Baba Kulwa, peupe kabisa. Wa pili niliufuata nikicheka, mpaka nikaacha kucheka. Uliingia jikoni kwako, pale uani.

Kumbe ndiyo maana kila masika ulikuwa ukiyapandisha mafiga juu ya matofali. Mimi nilidhani ni mgongo unakuuma. Kwa nini hukuniambia? Au ulijua ningeogopa kulala?

Jiko hilo ulilijenga mwenyewe walipokupunguza kazini, na mapanki uliyokaanga humo ndiyo yaliyonisomesha. Nilikaa ndani yake miguu ikiwa majini, nikakukumbuka. Ningeweza kunyamaza. Lakini mfereji wa uongo ungemrudisha yule mpangaji mtoni, na safari hii huenda asipate mzizi.

Jana tulikutana tena. Nilichukua kopo la majivu kabla ya mtu mwingine, nikamwaga juu ya kijiwe cha jiko lako. Nikasema, "Hapa yanapita, nimeyaona. Kwingine semeni wenyewe." Baba Kulwa alikitazama kile kijiwe, kisha akaomba kopo, akayapitisha majivu katikati ya vyumba vyake. Chumba kimoja alikikwepa. Hicho tutakibishania Jumatatu.

Kwaheri, Mama yangu. Sikuandikii kuomba ruhusa, nakupa taarifa, kama ulivyozoea kunipa mimi. Jumamosi nalibomoa jiko mwenyewe, tofali kwa tofali, sitaki liguswe na nyundo ya mtu asiyekujua. Na nakuahidi hili: masika yakija nitasimama mlangoni, niyatazame maji yakipita pale ulipokuwa unakaa, yakiwa hayajambeba mtu.

Mwanao.